UZI: Mlinda mgonjwa wa nyumbani, tunapimaje kazi yake? (Bukavu)

#1 BintiMwalimu (Bukavu)

Jambo zenu. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya baba yangu, Cimpunda. Wa Kadutu mnazijua ngazi zetu: gari linakuacha chini barabarani, kinachobaki ni magoti yako na Mungu.

Baba ana miaka 78, mwalimu mstaafu. Mwaka jana AVC, yaani kiharusi, ilimpiga upande wa kuume. Anaelewa kila kitu, ila maneno yanamtoka nusu nusu. Alilala hospitali wiki tatu, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani. Vijana wanne wa avenyu walimpandisha kwenye kiti cha plastiki kilichofungiwa miti miwili, na tangu siku hiyo hospitali ni sisi wenyewe.

Mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu mmoja yuko Kinshasa, mmoja Ubelgiji, na wawili wako hapa hapa mjini na shughuli zao. Tulichanga, tukachukua mlinda mgonjwa kupitia ofisi moja inayotuma watu majumbani. Dada wa miaka thelathini na kitu. Dola 120 kwa mwezi zinamfikia yeye, ofisi inakata yake juu. Pesa zinapitia simu, maana benki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025. Analala hapo hapo kwa baba. Jumamosi mchana anaenda kuona watoto wake Bagira, Jumatatu asubuhi anarudi.

Sasa sikieni. Jumatatu jioni nilienda kumsalimu baba. Nikamgeuza kidogo nimbadilishie shati, nikaona alama pale mwisho wa uti wa mgongo, upana wa kifuniko cha chupa ya Primus. Ngozi imekuwa nyeusi kuliko pembeni, ina moto, ukigusa ni ngumu. Kisigino cha kuume hivyo hivyo.

Nilipigia ile ofisi. Wakanijibu kwa sauti ya kistaarabu kabisa kwamba huduma yao ni "ya kiwango". Kiwango gani? Nani alikipima, kwa rula ipi? Mdogo wangu wa Ubelgiji naye anasema nisimsumbue dada wa watu, ni mzuri sana, kwa sababu kila akipiga video saa kumi jioni anamkuta baba amechanwa nywele na shati limepigwa pasi. Nikamwambia video haina pua.

Wenye uzoefu, nisaidieni. Mnapimaje? Sitaki kumfukuza mtu bure. Sitaki pia baba yangu aozee kitandani huku sisi tunasifia shati.

#2 Motari_wa_Panzi

Fukuza. Kesho asubuhi. Kidonda hakisemi uongo.

#3 MuuguziKadutu

Motari, punguza mwendo, hapa si barabara ya Essence.

Binti wa mwalimu, pole. Mimi ni muuguzi A1, yaani wa diploma ya chuo, na jioni nazunguka majumba ya watu kufunga vidonda. Kwanza tuliza hiyo alama, mambo ya kulaumu yatafuata. Bonyeza kwa kidole, hesabu hadi tano, achia. Kwa mtu mweupe wanaangalia kama wekundu unapotea. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mikono ndiyo macho: linganisha joto na ugumu na sehemu ya jirani. Kama ngozi haijachanika, umekiwahi. Usiisugue kwa mafuta, najua bibi zetu walisugua, lakini nyama ya chini imeshachoka na ukisugua unaimalizia. Usimkalishe juu ya kile kiduara cha mpira au cha kitambaa pia, kinabana damu pembeni. Kisigino kisiguse godoro: weka mto chini ya muundi, kisigino kibaki hewani. Na mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku, akilala ubavu aegemee kidogo tu, usimlaze juu ya nyonga kabisa.

Ikichanika au ikianza kutoa maji, usingoje majibu ya uzi. Ita mtu.

Kuhusu kupima. Mimi nikiingia nyumba ya mgonjwa siangalii sakafu imepigwa deki au la. Naomba kumuona ulimi. Ulimi mkavu wenye utando unaniambia zaidi ya maneno ya familia nzima. Naangalia kucha za mkono uliopooza, kwa sababu ule mkono unajikunja na watu wanaogopa kuufungua. Ukikuta kucha zimeingia kwenye kiganja, hakuna aliyeufungua wiki nzima. Naangalia rangi ya mkojo. Naangalia mkanda wa suruali, tundu gani anafungia sasa na gani mwezi uliopita, maana mizani ya watu wasiosimama hatuna. Namuomba mlinzi amlishe kijiko kimoja mbele yangu: je, anamkalisha wima kwanza, au anamtilia uji akiwa amelala chali? Kiharusi kinaharibu kumeza. Uji ukishuka njia ya mapafu, utamzika mzee na watasema ni malaria. Baada ya kula abaki ameketi angalau nusu saa.

Na namna anavyomuinua. Akimvuta kwa mkono mbovu, bega linatoka mahali pake, na hapo maumivu hayataisha.

Halafu swali langu kwako: hiyo alama uliiona Jumatatu jioni. Dada alirudi Jumatatu asubuhi. Kuanzia Jumamosi mchana baba alikuwa na nani?

#4 BintiMwalimu

Alikuwa na familia. Wadogo zangu wanapokezana. Lakini ni siku moja na nusu tu, yeye anakaa naye siku tano na nusu. Hesabu iko wazi.

#5 MuuguziKadutu

Ngozi haihesabu hivyo. Masaa machache yanatosha. Nunua kaye, daftari la kuandikia kila kitu.

#6 LeicesterNaKivu

Mimi ni mtoto wa Nyawera, niko Uingereza miaka tisa sasa, na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo: naingia nyumba za wazee asubuhi, naogesha, navalisha, nawapa dawa, natoka. Niwaambie huku wanapimaje, mtajua wenyewe cha kuchukua.

Kuna tume ya serikali, CQC, ilianza kazi 2009. Ofisi yoyote inayotuma watu kuwaogesha na kuwavalisha wagonjwa majumbani lazima ijiandikishe kwao. Wakija kukagua wana maswali matano: huduma ni salama? Inaleta matokeo? Watu wanatendewa kwa upole? Inafuata mahitaji ya mwenyewe? Inaongozwa vizuri? Baadaye wanatoa daraja, ziko nne, na ofisi inabandika daraja lake hadharani. Wanaongea na wazee wenyewe na familia pia, hawaishii kwenye makaratasi.

Tena mwaka 2015 taasisi yao ya miongozo ya afya, NICE, ilisema ziara ya nyumbani isipungue nusu saa, isipokuwa ni kazi moja fupi, inafanywa na mtu ambaye mzee anamjua, na ni sehemu ya mpango mkubwa zaidi. Kwa nini walilazimika kuandika hivyo? Kwa sababu ziara za dakika kumi na tano zilikuwa zimezoeleka. Dakika kumi na tano unamuogesha nani?

Sasa upande wa pili. Nikifika nabonyeza simu, nikitoka nabonyeza simu, kila kitu kinaandikwa. Na bado nimeona kalamu zikifanya kazi kuliko mikono. "Amekunywa chai yote", na kikombe kimejaa pale pale mezani, kimeota ngozi juu. Ofisi ina daraja zuri ukutani, na bibi wa watu ameogeshwa na sura tano tofauti ndani ya wiki moja, hajui hata jina la mmoja. Mimi siku hizi nina kipimo changu cha siri: namuuliza mgonjwa jina la anayemuogesha. Akilijua, tena akilitaja huku anacheka au anamnung'unikia, kuna kitu kinachoendelea hapo ndani. Baba yako ana mtu mmoja yule yule kila siku. Huku hicho ni kitu cha anasa.

#7 Mwanafunzi_ISTM

Uzi mzuri. Darasani tunafundishwa habari za Avedis Donabedian, daktari aliyeandika mwaka 1966 kwamba ubora wa matunzo unauangalia kwa pande tatu: vifaa na watu waliopo, namna kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. BintiMwalimu ameona matokeo, yaani kidonda, akaruka moja kwa moja kwa mtu. Amesahau kuuliza vifaa. Dada, baba analalia nini?

#8 Motari_wa_Panzi

Donabedian hakupanda ngazi za Cimpunda huyo.

#9 BintiMwalimu

@Mwanafunzi, analalia godoro la sponji. Ndilo lile lile la tangu tukiwa shule, nikisema ukweli. Ukikaa unahisi mbao za kitanda. Mashuka ni mawili. Maji yanatoka bombani siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunalipa vijana wa bidoni (madumu ya maji), na umeme wa SNEL mnaujua.

Sikuwa nimefikiria kwamba godoro nalo linaingia kwenye hesabu.

#10 MamaWaZamu (Bagira)

Mimi niko mlinda mgonjwa tangu 2017. Nimesoma huu uzi wote na roho iko inaniuma, lakini acha niseme.

Ninyi munatupima sisi. Nani anapima ninyi? Familia ingine inahesabu sukari ya chai, lakini haihesabu masaa yangu ya usingizi. Mzee anageuzwa kila saa mbili, sivyo? Saa nne za usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Asubuhi nafua, napika, naogesha, saa kumi jioni muko munataka nichekee video. Siku tano na nusu, mutu mumoja. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya 2002, inasema masaa 45 kwa wiki na mapumziko ya kila wiki. Mimi masaa 45 nayamaliza Jumanne usiku. Sisemi tufunge kazi saa kumi na moja kama watu wa ofisi, mgonjwa hana saa. Nasema tu muhesabu.

Glavu nanunua mwenyewe. Kuna nyumba moja nilifanya, wakanipa jozi moja ya wiki, eti nioshe.

Lakini sitawaficha, wabaya wako ndani yetu, na mimi najua mbinu zao kuliko muganga yeyote. Mulinzi muvivu anamunyima mzee maji. Asipokunywa hakojoi, asipokojoa hakuna pampasi ya kubadilisha, na usiku watu wanalala. Mukifika munamukuta mukavu, safi, haki munasifu! Basi hesabuni pampasi. Paketi isipoisha kwa wakati wake, musifurahie kwamba munaokoa pesa. Mbinu ya pili ni kidonge. Diazepamu inauzwa farmasi kama peremende. Mzee aliyekuwa anapiga kelele usiku ghafla amekuwa mupole, analala hadi saa nne asubuhi, mudomo wazi. Familia inasema dada ana mukono wa baraka. Ulizeni mukono ulishika nini.

Na musije saa kumi jioni. Kila mutu anajua saa kumi jioni kunakuja wageni. Kujeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya maji ya moto. Kile utaona pale ndiyo kazi ya usiku.

#11 MuuguziKadutu

Hii ya maji na pampasi naisimamia kwa mikono miwili. Nimeikuta mara nyingi mno.

#12 Motari_wa_Panzi

Mama, nimekaa kimya. Nasoma tu.

#13 Chukudu2021 (Goma)

Niingie na ya kwangu. Mama yangu hawezi kutembea tangu 2018. Tulikuwa na binti wa kumuangalia ambaye mimi nilikuwa namlalamikia kila wiki: chumvi imezidi, nguo hazikunyooshwa, simu haishuki sikioni. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka usiku. Siku tano baadaye, tarehe 27, asubuhi wakatangaza mitaa kadhaa ya Goma ihame. Mimi nilikuwa Butembo kwa kazi. Barabara ya Sake ilijaa watu, motari wa pikipiki wanataka bei ya ndege. Yule binti alitafuta chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma mizigo, akatandika blanketi mbili, akamlaza mama yangu juu, akamfunga kwa kitenge, akalipa vijana wawili wasukume. Akabeba dawa zote kwenye sufuria yenye kifuniko ili zisilowe, na ile karatasi ya ordonansi, ya daktari kuandika dawa, akaivaa kifuani. Walifika Sake jioni. Mama hakuwa na mchubuko hata mmoja.

Simwambii mtu asiangalie kucha na ulimi. Ila tangu siku ile, nikimchukua mtu mpya wa kumuangalia mama, swali langu la kwanza ni hili: kukitokea kitu usiku na mimi sipo, utafanya nini kwanza, utampigia nani, dawa ziko wapi? Anayejibu "Mungu atasaidia" namshukuru, namlipia pikipiki ya kurudi kwao.

#14 MzeeWaMuhumba

Wanangu, nimewasoma wote, na mmezunguka mbuyu. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mzee mwenyewe aliulizwa.

Mimi nina 71. Mwaka juzi nilivunjika nyonga, nikakaa kitandani miezi minne. Wanangu waliniletea binti mzuri, mwenye adabu, umri wa mjukuu wangu. Aliniogesha. Sikumwambia mtu, lakini kila siku akileta beseni nilifumba macho nikajifanya nimelala. Kwetu hata mkaza mwana haingii chumbani kwa baba mkwe ovyo, sembuse kumvua nguo. Nilianza kukataa kuoga. Wakasema mzee amekuwa mkaidi, labda akili inaondoka. Akili ilikuwepo. Ni kijana wa jirani, muuza vocha, ndiye aliyeanza kuja asubuhi kuniogesha kwa faranga kidogo, na binti akabaki na chakula na dawa. Ukaidi ukaisha siku hiyo hiyo.

Binti wa mwalimu, baba yako anaongea nusu, lakini anaelewa. Muulize. Usimuulize "unatunzwa vizuri?" Atasema ndiyo, sisi wazee tunaogopa kuwa mzigo, na tunamuogopa kidogo yule anayeshika kijiko. Muulize vitu vidogo, mlinzi akiwa ameenda sokoni: jana usiku ulikunywa maji? Kumekucha mara ngapi kabla hujabadilishwa? Anayekuogesha ungetaka awe nani? Akubane mkono mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Halafu ngoja. Sisi tunajibu polepole.

#15 LeicesterNaKivu

Mzee, aksanti. Huku tunajaza fomu ya kurasa kumi kabla ya kuanza na mgonjwa, na swali la nani akuogeshe limo humo ndani, mwanamke au mwanaume. Watu wengi wanaliruka.

#16 Kadogo_Ibanda

Naulizia kitu cha pembeni. Hawa wa ofisi wanaosema wana "wauguzi", tunahakikishaje? Kwetu walituletea mtu akamwekea shangazi mpira wa mkojo, damu ikatoka siku mbili.

#17 MuuguziKadutu

Omba kuona diploma, A2 (ya sekondari) au A1 (ya chuo), na uulize kama ameandikishwa kwenye Oda ya wauguzi, chama chao cha kisheria. Oda ipo kwa sheria tangu 2016. Mlinda mgonjwa si muuguzi, na hilo halimshushi hadhi, ni kazi nyingine. Kuogesha, kulisha, kugeuza, kukumbusha dawa, ni zake. Kuweka sondi (ule mpira wa mkojo), kuchoma sindano, kukata nyama iliyooza kwenye kidonda, hapana. Ofisi inayomruhusu ayafanye ndiyo yenye kosa kuliko yeye. Na mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu. Nimekuta watu wameuweka kitandani karibu na mgonjwa "ili usimwagike", mkojo unarudi ndani, homa inapanda, mnanunua dawa za malaria.

@BintiMwalimu, vipi, kaye ilinunuliwa?

#18 BintiMwalimu

Nilinunua. Ngojeni wiki tatu zipite, nitawaletea majibu hapa hapa.

Muuguzi amenisaidia kwa simu kuipanga. Ukurasa mmoja siku moja. Kushoto masaa, kila saa mbili, na upande aliolazwa: kushoto, kulia, mgongo. Katikati alichokunywa, kwa vikombe. Kulia pampasi, choo, dawa. Chini kuna vitu sita vya yule daktari Katz wa 1963, vya kupima mgonjwa anajitegemea kiasi gani, ambavyo muuguzi anavipenda: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani kwenda kitini, kujizuia haja, kula. Jumamosi kwa Jumamosi tunaandika kipi anaweza mwenyewe, kipi kwa kusaidiwa. Yeyote aliye kwa baba anaandika. Nimesisitiza yeyote.

Dada alipoiona hakufurahi. Aliniuliza, "Mama, munanichunguza?" Nikamjibu ukweli, ndiyo, na mimi pia nitaandika nikiwa zamu. Akanyamaza, akachukua kalamu.

#19 Motari_wa_Panzi

Wiki tatu zimepita nne. Majibu?

#20 BintiMwalimu

Nimekawia kwa aibu. Naandika.

Kwanza nilifanya kama MamaWaZamu alivyosema. Siku mbili tofauti nilipanda ngazi gizani, saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu. Ya kwanza, dada alikuwa ameketi kando ya kitanda na taa ya simu, baba amelala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Kaye inasema saa kumi alimgeuza. Shuka lilikuwa kavu. Ulimi niliuomba, baba akanitolea kama mtoto, akacheka nusu mdomo. Ya pili nilimkuta dada amelala usingizi mzito sakafuni kwenye mkeka, na baba amelowa. Saa nane na saa kumi hazikuandikwa. Angeweza kuandika uongo, kalamu ilikuwa pale. Aliacha wazi. Nilimuuliza, akasema usiku ule alikuwa na homa.

Halafu Mzee wa Muhumba. Nilimtuma dada sokoni Nkafu, nikakaa na baba, nikauliza maswali madogo. Maji usiku: ndiyo. Anakuumiza akikuinua: hapana, mara mbili, kwa nguvu. Unataka nani akuogeshe? Hapo alinyamaza muda mrefu, nikataka kujibu kwa niaba yake, nikakumbuka kungoja. Akasema neno moja, "Petero". Ni mtoto wa jirani aliyemfundisha darasa la sita, sasa ni fundi wa viatu. Hatukuwahi hata kumfikiria. Anakuja asubuhi tatu kwa wiki sasa, wanaongea hesabu za sehemu huku sabuni inamuingia baba machoni.

Sasa kaye. Nilikaa nayo usiku wa jana, kurasa ishirini na nane, na kalamu nyekundu ya baba ya kusahihishia. Jumatatu hadi Ijumaa mistari imejaa, ukitoa ule usiku wa homa. Vikombe sita, saba vya maji. Jumamosi asubuhi imejaa. Jumamosi mchana inaanza mwandiko mwingine: "Baba yuko sawa." Basi. Jumapili ya kwanza: "Baba yuko sawa, tumesali naye." Jumapili ya pili ukurasa mzima ni mweupe. Jumapili ya tatu kuna hesabu za deni la mtu, sijui za nani. Maji, vikombe viwili. Pampasi, mbili kwa masaa arobaini. Na kila Jumatatu asubuhi mwandiko wa dada unarudi, mstari wa kwanza kabisa: "Mukia wa mugongo iko na moto." "Mukia wa mugongo iko na moto." Jumatatu zote nne. Ijumaa kila mara ameandika moto umeisha.

Yeye alikuwa anatengeneza wiki nzima tulichokuwa tunaharibu sisi Jumapili, watoto wa mwalimu, watu wa kusali. Na mimi mwenyewe ile Jumapili ya pili, ya ukurasa mweupe, ndiyo ilikuwa zamu yangu. Nilikaa naye kuanzia saa nne hadi jioni. Nilimpikia sambaza, wale samaki wadogo, nikamuwekea Radio Okapi, tukacheka. Sikumgeuza hata mara moja. Alikuwa anaonekana ametulia.

#21 MamaWaZamu (Bagira)

Nimelia. Sina maneno mengi. Mumuongeze huyo dada.

#22 MuuguziKadutu

Ngozi ikoje leo?

#23 BintiMwalimu

Kisigino kimepona. Ile ya mgongo haijachanika, imebaki kivuli, moto unakuja na kwenda. Tumenunua godoro jipya, zito, dola 85 tulizochanga kwa siku moja baada ya mimi kupiga picha zile kurasa za Jumapili na kuzituma kwenye grupu la familia bila kuandika neno. Mdogo wangu wa Ubelgiji alipiga simu, akanyamaza, akauliza bei ya mtu wa pili wa usiku. Binti wa jirani anaanza mwezi ujao, usiku tatu kwa wiki, ili dada alale. Dada tumemuongezea dola 30 na boksi la glavu. Ile ofisi imekasirika, inasema mambo ya mshahara yapitie kwao. Tutaona.

Kwa Katz, kutoka kitandani kwenda kitini alikuwa anahitaji watu wawili, sasa mmoja anatosha. Kula, anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, uji mwingi unaishia kwenye shati. Saa kumi jioni sasa video inamkuta na shati chafu.

Jumapili hii ni zamu ya mdogo wangu wa tatu, yule anayesema ana kazi nyingi. Nimemwekea saa ya simu ilie kila masaa mawili, na nimemnunulia kalamu yake.